Pikipiki ya Wifi Sebuleni Kwangu

Mnasumbua. Naliandika hilo kwanza lisije likasahaulika. Mtu amekaa zake anachambua maharage, mnamjia na kalamu: "Bibi, kila mzee anaandika habari za mtu mmoja wa ukoo, wewe tumekupa shangazi." Mmenipa! Kama vile ni sahani ya chakula. Mbona hamkumwambia shangazi mwenyewe aandike? Najua kwa nini. Mlimwuliza maisha yake yalikuwaje, akawajibu, "Nimepeleka mkate," akaendelea na chai yake. Ndipo mkaona mzigo mmtupie wifi yake.

Shule niliishia njiani, na nilichookota njiani kinanitosha. Atakayenisahihisha achukue kalamu aandike yeye.

Shangazi yenu ni dada mkubwa wa marehemu babu yenu. Wajukuu kwa haki mngemwita bibi, ila hapendi, anasema bibi yupo mmoja hapa nyumbani na kelele zake zinatosha. Kwangu mimi ni wifi, na mimi kwake ni wifi, na mnajua neno hilo likitamkwa kwa meno limekuwa neno jingine. Sisi tumelitamka kwa namna zote.

Aliolewa na dereva wa lori, mtu mzuri sana kwa watu wengine. Ndoa ilipokwisha, wazee walikaa, wakamwuliza anataka achukue nini kwa yule bwana.

"Pikipiki," akasema.

"Na vyombo?"

"Vyombo avioshe mwenyewe."

Akaja nayo, sanduku limefungwa nyuma kwa kamba ya mpira. Mimi nilikuwa nafagia uwanja. Nikamwambia, "Wifi, karibu, umekuja kututembelea?" Akashuka, akatazama nyumba juu mpaka chini kama mtu anayepima kitambaa. "Nimekuja kukaa." Akaingiza sanduku chumba cha nyuma. Wiki ile yote hatukuzungumza zaidi ya hapo.

Haukupita muda mrefu akapata kazi ya kupeleka mikate. Tanuri liko chini bondeni, hospitali iko juu kileleni, na sisi tuko katikati. Kila asubuhi alipanda na kreti za mikate nyuma, mgonjwa akiletewa chai, mkate uwe umeshafika. Watoto wa njia nzima walimwita Shangazi Mkate. Mkunga wa hospitali alikuwa akisema saa ya ukutani inaweza kukosea, Shangazi Mkate hakosei. Wifi alipoambiwa hivyo alisema "Mm." Lakini siku ile alikula sahani mbili.

Msidhani njia ile ilikuwa kazi tu. Bila hiyo angekuwa mwanamke aliyerudi kwao. Akiwa nayo, alikuwa mtu anayesubiriwa. Kuna tofauti.

Sasa pikipiki. Ilikuwa kuukuu hata siku ile anakuja nayo. Tangi la bluu, rangi imeliwa pale magoti yanapogusa. Ni ya zile za zamani zinazokunywa petroli iliyochanganywa na oili, ndiyo maana inatoa moshi kama jiko la kuni mbichi. Wengi wakishachanganya oili kwenye tangi wanadhani wamemaliza. Hawajamaliza. Giaboksi, kile kisanduku cha gia, ina oili yake peke yake, haihusiani na ile ya tangi, kama wake wa ndugu wawili: nyumba moja, sufuria mbalimbali.

Na haina kijiti cha kuchovya ukatazama. Ubavuni kuna skrubu ndogo. Unaifungua. Oili ikichuruzika kidogo, imetosha. Isipochuruzika, unaongeza kwa juu mpaka ichuruzike, unafunga, basi. Ila pikipiki lazima isimame wima, mahali palipo sawa kabisa. Ikiinamia upande wa skrubu, itachuruzika na bado ina njaa. Ikiinamia upande wa pili, itanyamaza hata kama imeshiba mpaka kooni. Chombo kilichosimama mshazari ni mwongo, na uongo wake hana aibu nao.

Na sisi tunaishi mlimani. Kwenye kiwanja hiki ukidondosha chungwa mlangoni, ulifuate kwa jirani, na jirani ameshalimenya. Mahali pamoja tu palikuwa sawa: sebuleni kwangu. Babu yenu alikuwa fundi mwashi, na sakafu ile aliimwaga mwenyewe kwa ajili yangu tulipooana, akaipima kwa pimamaji kila pembe, akaipaka rangi nyekundu. Niliisugua mpaka unajiona uso.

Siku moja nikasikia mlango wote umefunguliwa, mbao zote mbili. Wifi huyo, anaingia na pikipiki.

"Wifi," nikamwambia, "hiyo ni pikipiki."

"Naijua."

"Na hapa ni sebuleni."

"Naona viti."

Nikamwendea mume wangu. Naye, dada yake akiwa mbele yake, alikuwa mtu mwingine. "Dada anahitaji mahali palipo sawa," akasema.

"Na mimi nahitaji mahali pa kukaa."

"Si ukae? Nani kakuondoa?"

Basi nikakaa. Kwenye kiti changu, mikono kifuani, nikimtazama. Akaisimamisha kwa stendi ya kati, akalala chini na spana. Ile stendi ilikuwa imechoka, akivuta spana kwa nguvu pikipiki inayumba kama inataka kumkalia kifuani. Akageuza shingo pale chini.

"Wifi, kama umekaa tu, njoo ushike."

Nikashika. Sikushika kwa mapenzi, nilishika isije ikaanguka juu ya meza yangu. Na ndivyo ilivyokuwa tangu siku hiyo, kila mara oili ilipotakiwa kubadilishwa: yeye chini, mimi nimeshika usukani kama mtu anayemzuia ng'ombe.

Kazi yake aliifanya vile vile kila mara. Anatoka kwanza kupeleka mkate, ili oili ipate moto iwe nyepesi. Anaweka beseni kuukuu chini ya giaboksi, anafungua bolti ya chini, oili inashuka nyeusi kama masizi. Anachovya kidole, anaisugua kwa kidole gumba, anaipeleka dirishani kutazama kama ina vumbi la chuma. Anaifuta bolti kwa kitambaa, anageuza ile washa yake, kipete cha shaba cha kuzuia kuvuja, anafunga. Kisha anamimina oili mpya kwa faneli, pole pole, anafungua ile skrubu ya ubavuni, anakaa chini miguu imenyooka, anangoja.

Na hapo kwenye kungoja ndipo wifi yangu alipokuwa anaongea. Wakati mwingine wowote ungemtoa neno kwa koleo. Lakini akiwa anaitazama ile skrubu, maneno yanamtoka yenyewe, bila kuulizwa.

"Yule dereva alikuwa anakoroma mpaka kuku wanaamka."

Nami nanyamaza.

"Tulizika mtoto. Hakuja. Alikuwa safarini."

Nami nanyamaza. Ukimjibu anafunga mdomo kabla ya skrubu. Kisha oili inachuruzika, yeye anasema "Haya," anakaza, anatoka na pikipiki yake, na mazungumzo yamekwisha mpaka oili nyingine. Habari za ndoa yake nimezipata hivyo, kwa vijiko.

Halafu binti yetu mkubwa akachumbiwa. Wakwe wanakuja. Babu yenu akaweka vigae sebuleni, vyeupe, vinang'aa, vyenye maua madogo pembeni. Nikavitazama, nikasema mbele ya wote: "Pikipiki haikanyagi hapa."

Nilikuwa na haki. Naandika tena: nilikuwa na haki. Wakwe hawaji kukalia oili.

Wifi akasema "Haya." Kuna haya na haya. Hiyo ilikuwa ya pili.

Babu yenu alikaa katikati yetu kama nguo kwenye kamba, upepo huku, upepo kule. Mwisho akasema atamjengea dada yake mahali pa pikipiki nyuma ya jiko. Akachimba, akapanga mawe, akamwaga zege, akalilainisha kwa mwiko mpaka likawa kama mkate wenyewe. Jukwaa safi kabisa. Akasimama juu yake mikono nyuma. "Sasa pikipiki nayo ina sebule yake."

Tukamsifu. Kwenye mlima huu, macho yetu yameshazoea mshazari, kitu chochote kisichokuporomosha unakiona kiko sawa.

Tangu hapo wifi akawa anabadilisha oili huko nyuma peke yake. Pikipiki aliifunga kwa kamba kwenye nguzo ya kuanikia nguo isimwangukie. Hakuniita. Na mimi sikwenda. Miguu ya kwenda ninayo, mwaliko ndio sikuwa nao. Kama alikuwa anaongea kule nyuma, aliongea na nguzo.

Binti akaolewa, wakwe wakaja wakaondoka, vigae vikabaki vyeupe. Mvua za mwaka zikaja, zikapita. Ndipo pikipiki ikaanza kulia.

Kwanza ilikuwa mlio mwembamba, kama mbu. Kisha ikawa inatoka gia ya pili yenyewe, pale penye mlima mkali chini ya hospitali. Wifi anapanda, gia inatoka, injini inapiga kelele bure, pikipiki inarudi nyuma na mikate yake. Akawa anashuka, anaisukuma. Mkate ukachelewa. Ukachelewa tena. Wagonjwa wakanywa chai kavu, na mgonjwa aliyekunywa chai kavu ana muda mwingi wa kulalamika.

Mwenye tanuri akamwita. Alikuwa mtu wa maneno laini, ule ulaini wa kisu kilichonolewa. "Mama, tunakuheshimu sana. Lakini kuna kijana ana kigari. Mkate ukichelewa tena hospitali, ile njia nampa yeye, nawe upumzike."

"Sijachoka," wifi akasema.

"Pikipiki yako imechoka."

Akaipeleka kwa fundi wa barabarani. Fundi akaisikiliza, akacheka, akawaita wenzake nao waje wacheke. "Mama, hii meno ya gia yamekwisha. Ipeleke makumbusho, watakupa kiti ukae nayo pembeni."

Jioni wifi alikaa kwenye ngazi ya jikoni, hakuvua hata koti. Mume wangu akamwuliza, kwa upole, "Oili umeitazama?"

"Nimeitazama. Imo. Nikifungua skrubu inachuruzika vizuri."

"Basi si oili. Jukwaa nalo liko sawa."

Mimi nilikuwa naosha sufuria. Nikaacha kuosha. Hakuna mtu aliyelitaja jukwaa. Nimeishi na mwanamume yule miaka mingi, na namjua: akijibu swali ambalo hajaulizwa, jibu lake kalichimbe chini.

Kesho yake asubuhi wifi alipokwishaondoka, nikajaza beseni maji mpaka ukingoni, nikalibeba nyuma ya jiko, nikaliweka katikati ya jukwaa. Maji yakamwagika upande mmoja. Upande ule ule ambao pikipiki huweka ubavu wenye skrubu, kwa maana wifi huisimamisha siku zote ikitazama barabara. Nikaita.

"Baba nanihii! Njoo uone beseni lako."

Akaja. Akatazama. Akakohoa. "Beseni limepinda."

Nikaleta sufuria. Maji yakamwagika upande ule ule.

"Na sufuria limepinda?"

"Sufuria hilo ni la kwenu," akasema.

"Hata bakuli nitaleta. Nyumba hii ina vyombo vingi."

Akaona safari ya bakuli inakuja. "Ni mteremko kidogo tu," akasema. "Wa maji. Sakafu ya nje lazima uache mteremko, la sivyo maji yanatuama, zege linapasuka. Ndivyo tunavyojenga. Hata mtoto wa fundi anajua."

"Na pikipiki?"

Akalisugua jukwaa lake kwa kisigino. "Pikipiki si maji," akasema, akaenda zake.

Yaani mkono wake ulifanya ulichozoea. Aliambiwa ajenge mahali palipo sawa, mkono ukajenga mahali pa mvua. Na wifi, kila alipofungua skrubu, oili ikamchuruzikia mapema kwa sababu imeinamishwa, akafunga akijua imetosha. Giaboksi ikala nusu shibe tangu harusi ya binti yangu.

Sikumwita wifi. Nataka hilo lieleweke. Nilifungua mlango tu, mbao zote mbili, nikakunja mkeka, nikasogeza viti ukutani, nikasimama katikati ya sebule mikono kiunoni. Pikipiki ikaja inalia tangu chini barabarani. Siku ile mkate ulikuwa umewahi chai kwa kusukumwa, jasho lake lilionekana mgongoni. Akasimama uwanjani.

"Wifi, viti vimesogezwa. Kuna msiba?"

"Bado. Lete dude lako."

"Kuna vigae."

"Macho ninayo."

"Ulisema haikanyagi."

"Nilisema. Futa magurudumu."

Akafungua kitambaa chake cha kichwa, akapiga magoti, akafuta magurudumu kwa kitambaa kile, la mbele na la nyuma, na katikati ya mistari ya matairi. Akaingiza. Nikashika usukani kabla hajaniambia. Akafungua skrubu.

Hakikutoka kitu. Hata tone.

Tukaitazama ile skrubu. Wifi akageuza uso, akatazama nje kupitia mlango wa nyuma, kule kwenye jukwaa, akanitazama mimi. Sikumsaliti mume wangu, nilibinua midomo tu kuelekea kule.

"Kaka yangu huyu," akasema.

"Ni wako kabla hajawa wangu."

Akaifungua bolti ya chini. Oili ikashuka imeungua, na alipoipeleka dirishani kidole chake kilimetameta kama cha bibi harusi. Vumbi la chuma. Akalitazama, akajifuta. Akafunga, akaanza kumimina mpya. Akamimina. Akafungua skrubu ya ubavuni, akanyoosha miguu yake juu ya vigae vyangu, akangoja. Haikuchuruzika. Akaongeza, akangoja.

"Nikikosa ile njia," akasema, hakunitazama, alitazama skrubu, "nitakuwa nakaa hapa mchana kutwa."

"Hapa wapi?"

"Hapa kwako. Tukitazamana."

"Mimina oili," nikasema.

Akamimina. Ilipita ile aliyozoea kumimina kule jukwaani, ikapita tena karibu kikombe. Stendi ikakanyaga vibaya, kigae kikalia ta! na ufa ukakimbia mpaka kwenye ua lake la pembeni.

"Wifi, kigae," akasema.

"Kinakwenda wapi? Ngoja oili."

Ikachuruzika. Na kwa kuwa tulikuwa tunaitazama kama watu wanaotazama chungu cha wengine, hakuna aliyesogeza beseni. Ikashuka juu ya kigae cheupe, ikaingia kwenye ule ufa, na imo humo mpaka leo. Wifi akakaza skrubu. "Haya," akasema. Hiyo ilikuwa haya ya kwanza.

Asubuhi nilitoka uwanjani na ufagio. Sikutoka kusikiliza, nilitoka kufagia, na ufagio nilikuwa nimeusimamisha. Nikaisikia inapanda. Gia ya kwanza. Ikafika pale penye mlima mkali. Ikaingia ya pili, ikakwaruza, ikatetemeka. Mume wangu naye alikuwa ametoka, anajifanya anatazama mawingu. Ikashika. Ikapanda nayo mpaka juu, inaguna njia nzima kama mzee anayeinuka kitini, lakini ilipanda. Mkate ukafika kabla ya chai.

Mguno haukuisha, meno yaliyoliwa hayaoti tena. Ila gia haikutoka. Mwenye tanuri alingoja siku kadhaa, hakupata la kusema, yule kijana na kigari chake akapewa njia ya shule, ambako ni tambarare. Na wifi akaendelea kupanda mpaka nywele zikawa nyeupe, akisikika tangu bondeni. Mkunga alisema sasa hahitaji hata saa.

Oili tangu siku ile inabadilishwa sebuleni. Vigae vingine nimevitunza, kile kilichopasuka sikitoi. Mgeni akiuliza, namwambia kimepasuka. Jukwaa tunaanikia mahindi, na kwa kweli halituami maji, ni zuri sana. Babu yenu amekwenda kaburini akisema liko sawa. Kaburi lake tulipolisakafia nilimwambia fundi aache mteremko kidogo upande mmoja, wa maji. Angeona kazi imefanywa na mtu anayejua.

Hospitali siku hizi inaoka mkate wake. Shangazi yenu bado anapeleka kwa wazee wa kule juu wasioweza kuteremka, wachache, na wanamsubiri dirishani. Lakini wakati wa kubadilisha oili umefika. Umepita hata. Juzi niliposhika usukani, bega langu hili la kulia likakataa, pikipiki ikainama, wifi akatoka chini yake kwa kutambaa kama mtoto, tukakaa chini wote wawili. Hatukucheka. Tulicheka kidogo. Tangu hapo inalia tena ule mlio wa mbu, na yeye ameanza kusema labda wazee wale watafute mtu mwingine.

Kwa hiyo nyinyi mnaotaka habari zake mniletee bega. Jumamosi, mmoja wenu mwenye nguvu aje ashike. Viatu avue mlangoni. Aishike wima, asiiegemee, asiweke mguu kwenye kigae kilichopasuka. Oili aje nayo, shangazi atawaambia ipi mkimpigia, ila msimwulize kitu kingine. Na skrubu ya ubavuni ikishafunguliwa, afunge mdomo wake, atulie, asikilize. Yaliyobaki mliyotaka niyaandike mimi, atayasema mwenyewe hapo.